MOTOKAA KUUKUU YA MARAFIKI WAWILI: SHILINGI YA KWANZA NI YA BREKI

Mtu aendaye Namanga kutoka Athi River hufika kwanza Kitengela, mji uliokua upesi sana juu ya nyanda ambazo zamani zilikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamasai na ya wanyama wa porini. Akiendelea kusini hupita Isinya, na baada ya kadiri ya kilometa 50 tangu Kitengela hufika Kajiado, makao makuu ya kaunti hiyo. Katika miji hii mitatu si ajabu kuona motokaa kuukuu zimewekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba au kando ya karakana, nyingine hazina magurudumu, nyingine injini zake zimelala chini ya turubali.

Aghalabu mwenye gari la namna hii ni mtu wa mshahara mdogo, mwalimu, karani au mwenye duka, ambaye ameliona likiuzwa kwa bei nafuu, akashauriana na rafiki yake, wakachanga fedha wakalinunua, wakakusudia kulitengeneza polepole siku za mapumziko. Nia hiyo ni njema. Mtu akitengeneza motokaa kwa mikono yake hupata gari na elimu pamoja, na kazi ya watu wawili ni nyepesi, kwani wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini yako magari yasiyoshuka tena kutoka juu ya mawe yale, na yako mengine yanayoshuka kabla hayajawa tayari. Haya ya pili ndiyo mabaya zaidi, maana huingia katika barabara kuu yenye malori mazito, pikipiki, watoto wa shule na mifugo. Mara nyingi chanzo cha yote mawili ni kimoja: fedha zilitumika kwa mpango usiofaa. Katika motokaa yo yote mna vitu vinavyoifanya iende, na vitu vinavyoifanya isimame na kufuata njia. Watu wengi hupenda kuanza na vile vya kwanza, na wengine huanza hata na rangi. Wenye busara huanza na vile vya pili. Habari zifuatazo zaeleza sababu, na jinsi kazi yenyewe inavyoweza kupangwa.

GARI LILILOTUMIKA SI AIBU

Wako watu wadhanio kwamba gari lililokwisha kutumika haliwezi tena kufanya kazi ya maana. Historia ya mashindano ya Safari yaonyesha sivyo. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika njia za vumbi, mawe na matope.

Mwaka 1965 washindi walikuwa ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, naye alikuwa fundi wa motokaa kabla ya kuwa dereva mwenye sifa. Gari walilotumia lilikuwa Volvo PV544, wala halikuwa jipya: lilikuwa limekwisha kutumiwa na kampuni ya Volvo yenyewe katika Safari ya mwaka 1964. Ndugu hao walilipata likiwa limekwisha teswa na njia, wakalitayarisha, wakayashinda magari mapya yaliyoletwa na makampuni makubwa. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, safari hizo akiendesha Mitsubishi.

Mashindano hayo yafundisha jambo jingine pia. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakafika tena 7 tu. Magari yale mengine hayakukosa mbio. Yalizamishwa na matope au kuvunjwa na njia. Njia za Kajiado zenyewe zimewahi kuwa sehemu ya Safari, kwa mfano mwaka 2002, na kila akaaye huko azijua: udongo mweusi unaonasa magurudumu wakati wa mvua, na mawe na makorongo wakati wa kiangazi. Kwa hiyo anayetengeneza gari la kutumika huko asijiulize kwanza, “Litakwenda mbio kiasi gani?” Ajiulize, “Ni kitu gani kitakachovunjika kwanza, na kikivunjika nitakuwa katika hali gani?”

BEI YA KUNUNUA NI SEHEMU TU YA GHARAMA

Kwa kanuni za Kenya, motokaa iliyotumika nchi za nje hairuhusiwi kuingizwa nchini ikiwa imepita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo gari la miaka 20 au 30 linalouzwa leo kwa bei rahisi huwa kwa kawaida limekwisha kaa Kenya miaka mingi. Mengi katika hayo ni yale yenye namba zianzazo na KA, zilizotolewa tangu mwaka 1989 mpaka 2007. Yamepita katika mikono ya watu wengi, na kila mmoja alitengeneza lililomsumbua yeye, akamwachia mwenzake lililobaki.

Basi bei ya kununua isimdanganye mtu. Rahisi ni ghali, ikiwa mnunuzi amemaliza fedha zote siku ya kununua. Kanuni moja iwezayo kuwasaidia marafiki wawili ni hii: bei ya gari isizidi nusu ya fedha zote walizo nazo. Tuseme wamechanga shilingi 400,000. Shilingi 200,000 ziwe za kununua pamoja na gharama za kuhamisha umiliki. Shilingi 100,000 ziwe za breki, usukani, mipira na miguu ya gari. Shilingi 60,000 ziwe za injini na umeme. Shilingi 40,000 zilizobaki zisiguswe mpaka siku itakapoonekana kasoro ambayo hakuna aliyeitazamia, maana kasoro hiyo haikosi kuja. Hesabu hii ni mfano tu, na kila mtu ataigeuza kadiri ya uwezo wake. Jambo kubwa ni kwamba nusu ya pili ipo, na kila sehemu yake ina kazi yake kabla gari halijanunuliwa.

Tena wakumbuke kwamba gari lililosimama nalo hula fedha. Betri isiyotumika hufa, mipira hupasuka kwa jua, panya hutafuna nyaya, na kutu haipumziki. Kwa hiyo ni afadhali kununua gari dogo la namna iliyo nyingi, kama Toyota Corolla, ambalo vipuri vyake hupatikana katika miji mingi, kuliko gari kubwa la fahari ambalo kitu chake kimoja hutafutwa miezi mitatu.

KUANDIKIANA SI KUTOAMINIANA

Marafiki wengi huona haya kuandikiana. Husema, “Sisi ni kama ndugu, karatasi ya nini?” Lakini karatasi ndiyo ilindayo undugu huo. Sheria ya Kenya ya barabara, yaani Sura ya 403, yasema kwamba mtu ambaye jina lake limeandikwa katika hati ya gari atahesabiwa kuwa ndiye mwenye gari, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Maana yake ni kwamba gari walilochangia wawili, likiandikwa kwa jina la mmoja, mbele ya sheria ni la huyo mmoja mpaka mwenzake alete ushahidi. Asiye na karatasi ataleta ushahidi gani?

Yafaa basi waandike mapatano mafupi mbele ya shahidi, kila mmoja akae na nakala yake. Waandike kila mmoja ametoa kiasi gani, gari litaandikwa kwa jina la nani, na mwenzake ana sehemu gani. Waandike nani atatunza logibuku na funguo. Waandike kiasi cha fedha ambacho mmoja aweza kutumia bila kumwuliza mwenzake. Waandike gari litatumiwaje likiisha tengenezwa, na nani atalipa likigongwa au likitozwa faini. Zaidi ya yote waandike itakuwaje mmoja akitaka kutoka katika shirika, akihamishwa kazi au akifariki dunia, ili mjane wake asije akaambiwa hakuna kitu.

Liko jambo moja lililo gumu kuliko fedha, nalo ni kazi ya mikono. Tuseme mmoja ni mwalimu mwenye mshahara, na mwenziwe ni fundi wa kuchomelea chuma ambaye fedha zake ni chache. Mwalimu atoa shilingi. Fundi atoa siku zake. Wasipokubaliana tangu mwanzo siku moja ya fundi yahesabiwa shilingi ngapi, mwisho wake mwalimu ataona amelipa kila kitu, na fundi ataona amefanya kila kitu, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Dawa yake ni daftari moja, ambalo fedha zote na siku zote za kazi zaandikwa humo kila jioni, na risiti zabandikwa.

KABLA YA KULIPA

Kwanza watazame karatasi. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iitwayo kwa kifupi NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayotunza orodha ya magari yote ya Kenya. Mtu aweza kuuliza habari za gari kwa njia ya mtandao wa serikali uitwao eCitizen, akapewa jina la mwenye gari na habari zake. Jina hilo lilingane na kitambulisho cha muuzaji. Namba ya chesisi iliyopigwa katika chuma ilingane na ile ya logibuku, na namba ya injini vile vile. Ikiwa gari limewekwa rehani kwa mkopo, lisinunuliwe mpaka mkopo umekwisha kufutwa. Namba iliyokwaruzwa au kuchomelewa upya ni sababu ya kuondoka pale pale, hata bei ikiwa ndogo namna gani.

Pili watazame bodi na chesisi. Injini mbovu yaweza kubadilishwa siku moja, lakini chuma kilicholiwa na kutu hakina mwisho. Wainue mikeka ya sakafu, watazame chini ya milango, juu ya magurudumu, na mahali springi zinaposhikwa na bodi. Iko njia rahisi ya kugundua udanganyifu: chukua sumaku ndogo, uifunge katika kitambaa chembamba, uipitishe polepole juu ya bodi ya chuma. Pale inapoacha kushika, chini ya rangi hakuna chuma, pana lami ya kuzibia tu.

Tatu watazame injini. Moshi wa buluu maana yake injini yala mafuta yake ya kulainisha. Moshi mweusi ni petroli nyingi isiyoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiisha pata moto, pamoja na mafuta yaliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, ni dalili kwamba maji na mafuta vinachanganyika, mara nyingi kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeharibika.

Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo wa silinda apime silinda zote, moja moja. Hapa iko hesabu ambayo hata mafundi husahau. Kajiado iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,700, na huko hewa ni nyepesi, yapata sehemu nne kwa tano za hewa ya pwani. Kwa hiyo injini nzima ikipimwa Kajiado itaonyesha pungufu ya vile kitabu kisemavyo, wala si ubovu. La kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikikaribiana, ni vyema. Moja ikiwa chini sana, tia ndani yake kijiko kidogo cha mafuta ya injini upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Kisipopanda, kasoro iko katika vali au gasketi. Kwa jaribio hilo mtu aweza kujua kama anunua gari la kurekebishwa kwa fedha kidogo au la kufunguliwa lote.

SHILINGI YA KWANZA

Gari likiisha nunuliwa, kazi ianze na breki. Sababu yake ni ya hesabu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja, yaani kabla dereva hajamaliza kusema “Ng'ombe!” Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inayotakiwa kulisimamisha gari haizidi mara mbili, bali mara nne. Breki iliyotosha kwa kilometa 40 mjini Kitengela haitoshi kwa kilometa 80 njia ya Isinya, wakati wa magharibi, mbele ya kundi la mifugo linalovuka kurudi bomani, na lori la saruji likifuata nyuma.

Magurudumu yote manne yafunguliwe. Pedi na bitana zilizokwisha zitupwe. Mipira midogo ya kupitishia mafuta ya breki, ikiwa imepasuka au imevimba, ibadilishwe yote. Mabomba ya chuma ya breki yaliyoliwa na kutu yabadilishwe, wala yasichomelewe kamwe. Mafuta ya breki nayo yamwagwe yote na kutiwa mapya, kwani mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki mpaka yafike digrii 205 au zaidi. Lakini yakiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye digrii 140 hivi. Yakichemka katika mteremko, pedali huzama mpaka sakafuni na gari halisimami. Dereva wa namna hiyo husema breki “zilikataa ghafula,” lakini zilikuwa zikimwandalia siku hiyo kwa miaka mingi.

Baada ya breki ni usukani na miguu. Gari likiwa limeinuliwa, mtu mmoja ashike gurudumu juu na chini alitikise, kisha kushoto na kulia, na mwenzake atazame chini kwa taa. Kichezacho ndicho kilichochakaa: beringi, bolijointi au ncha za tai rodi. Vyuma vya usukani visipashwe moto wala kuchomelewa ili kuokoa shilingi chache. Shokapu zinazotuliza mrusho wa springi zikivuja mafuta, gurudumu hurukaruka juu ya mawe, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Halafu mipira. Isitazamwe meno tu. Ubavuni mwa mpira mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Mpira ulioandikwa 2314 ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Mpira waweza kuwa na meno mazuri na umri mkubwa, ukakauka na kupasuka siku gari limejaa watu. Taa, mikanda ya usalama na kioo cha mbele vihesabiwe katika fungu hili hili.

MAJI NA MAFUTA

Baada ya hayo ndipo ifuate injini. Magari mengi kuukuu yanayosimama njiani yamekufa kwa joto. Mahali palipo juu kama Kajiado, maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Kifuniko cha rejeta hubana maji ili yasichemke mapema. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo hutoweka, na mwenye gari hulaumu injini kwa kosa la kifuniko cha bei ndogo. Basi rejeta isafishwe ndani na nje, kifuniko kiwe kipya, mipira ya maji ibadilishwe, na feni ihakikishwe kuwa inafanya kazi. Kitakiwacho ni dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi. Maji ya kisima yenye magadi na chumvi huziba vijia vya rejeta. Thamostati isitolewe na kutupwa, ijapokuwa wako mafundi wafanyao hivyo. Kazi yake ni kuiweka injini katika joto linalofaa.

Mafuta ya injini na chujio lake vibadilishwe, plagi zitazamwe, na chujio la hewa lisafishwe mara nyingi kwa sababu ya vumbi. Ikiwa injini ina mkanda wa taiming na hakuna ajuaye ulibadilishwa lini, uhesabiwe kuwa umekwisha. Katika injini nyingi hubadilishwa yapata kila kilometa 100,000, na ukikatika vali zaweza kugongana na pistoni, na faida yote ya gari rahisi ikapotea dakika ile.

KIPI KINUNULIWE KIPYA, KIPI KUUKUU

Watu wa Kitengela na Kajiado wamezoea kwenda Nairobi kutafuta vipuri, hasa Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan. Na kazi nyingi za mikono hufanywa na mafundi wa jua kali, walioitwa hivyo kwa kuwa wafanya kazi nje bila paa. Mafundi hao si watu wa kudharauliwa. Ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa ya mwaka 1972 juu ya Kenya iliieleza dunia jinsi kazi ndogo ndogo za namna hiyo zinavyoleta riziki na ustadi, na mwaka 1992 serikali ya Kenya ilitoa waraka rasmi juu ya kuzisaidia. Lakini mwenye gari hana budi kujua anachokitaka kabla ya kwenda kwao.

Milango, taa, vioo, viti, giaboksi na alternata vyaweza kununuliwa vikiwa vimetumika, bora vitazamwe na kujaribiwa. Lakini pedi za breki, mipira ya breki, sili, mafuta ya breki, bolijointi, ncha za tai rodi, mkanda wa taiming na mipira ya magurudumu vinunuliwe vipya sikuzote. Vitu vya bandia ni vingi, hata ikapitishwa sheria mwaka 2008 ya kupiga vita bidhaa za namna hiyo. Mtu apeleke kile kilichochakaa akilinganishe na kipya kwa uzito na umbo, adai risiti, wala asinunue kwa mtu asiye na duka. Kitu cha wizi humgeuza mnunuzi kuwa mshitakiwa.

Injini ikibadilishwa, au rangi ya gari ikigeuzwa, NTSA ipewe habari ili hati zirekebishwe. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na hati lina shaka mbele ya polisi, na halina bei mbele ya mnunuzi.

USALAMA WA WATU NA WA MIFUGO

Hakuna gari lenye thamani ya maisha ya fundi. Mtu asilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi madhubuti mahali pa sawa, na magurudumu yaliyo chini yazuiwe. Matofali hupasuka bila onyo. Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Kabla ya kuchomelea karibu na tangi, tangi litolewe lipelekwe mbali, na betri ifunguliwe nyaya zake.

Katika nchi ya wafugaji iko hatari nyingine isiyofikiriwa na watu wa mjini. Ng'ombe hupenda kulamba betri zilizotupwa na mafuta machafu ya injini. Ndani ya betri mna risasi, nayo ni sumu kali kwao: mnyama hupofuka, hutetemeka, husaga meno na kufa. Betri moja iliyovunjwa na kuachwa nyikani yaweza kumtia hasara mfugaji ambaye hata hamjui mwenye gari. Kwa hiyo betri kuukuu zirudishwe kwa wazinunuao, na mafuta machafu yawekwe katika debe lenye kifuniko, yasimwagwe chini wala kwenye mkondo wa maji.

SIKU YA KULITOA

Gari likiisha kuwa tayari, lijaribiwe kwanza mahali pasipo watu, mwendo wa mtu atembeaye. Dereva akanyage breki kwa nguvu mara kumi, kisha watazame chini kama kuna kivujacho. Halafu waende mwendo mfupi, warudi, wakaze nati za magurudumu, watazame maji na mafuta. Wasiende Namanga siku ya kwanza. Waende Isinya na kurudi, mchana, wakiwa na spana, jeki, gurudumu la akiba na maji.

Sheria nayo itimizwe. Gari lililouzwa haliruhusiwi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 tangu kuuzwa bila mwenye gari mpya kuandikishwa. Tena, kwa Sura ya 405, hakuna gari liwezalo kutumika barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Bima hiyo isionekane kuwa fedha iliyopotea, maana gharama za mtu mmoja aliyeumizwa zaweza kupita bei ya magari kumi ya namna hii.

Ndipo sasa, kama fedha zimebaki, wapake rangi. Rangi ikiwa ya mwisho hakuna kitu kilichopungua katika gari. Ikiwa ya kwanza, mara nyingi imelipwa kwa fedha za breki. Marafiki wanaoshika mpango huu wataendesha gari lisilopendeza kwa muda, na huenda wakachekwa na majirani. Wavumilie. Daftari lao likiwa sawa, na breki zao zikishika, watafika Kajiado na kurudi Kitengela wakiwa wazima, na wakiwa bado ni marafiki.